Visanduku Katika Simu ya Parsaoti

"Umesoma?"

Ni hapo tulipomwacha mzee Parsaoti. Amesimama mlangoni mwa kibanda cha kuchaji simu Kitengela, saa saba na nusu mchana, simu sikioni. Namba ya aliyepiga haionekani. Sauti ni ya mwanaume ambaye hakusalimu wala kujitaja.

"Nani wewe?" Parsaoti aliuliza.

"Nimekuuliza swali, mzee. Umesoma?"

"Nisome nini? Hapa ni visanduku! Visanduku tu, juu mpaka chini!"

Kisha yule mtu akacheka. Hakucheka kwa dharau. Alicheka kama mtu aliyetua gunia la mahindi.

"Basi ni vizuri. Rudi nyumbani, mzee, upumzike. Usisumbue watu na visanduku vyako."

Simu ikakatwa.

Parsaoti aliiangalia hiyo simu, mulika mwizi kuukuu aliyofunga na mpira, kana kwamba ameshika nyoka. Siku ya tano sasa binti yake wa pekee, Naserian, hajulikani aliko. Msichana alikuwa karani Kajiado, kwa saveya mmoja anayeitwa Wathome. Huko aliona ramani mbili za ardhi moja. Moja ilikuwa na maboma ishirini na matatu, na la baba yake likiwemo. Ya pili haikuwa na boma hata moja, ilikuwa ploti tupu zilizopangwa kama meno. Naserian akabeba ile ya kweli, akakimbia. Aliyemficha ni Haibe, Msomali wa kununua ng'ombe, rafiki wa baba yake miaka thelathini. Amemficha wapi, hata baba hakuambiwa.

Na leo simu ilipopata moto tu, jumbe tatu ziliingia kwa mfululizo kutoka kwa Haibe. Ndani yake hakuna neno. Ni visanduku vitupu, kimoja baada ya kingine, kama makaburi ya watu wengi waliokufa siku moja.

Parsaoti alipiga namba ya Haibe.

Ikalia. Ikapokelewa.

"Haibe? Haibe, ni mimi!"

Mtu alikuwa anapumua upande wa pili. Alipumua mara tatu, halafu akakata. Na huyo hakuwa Haibe, maana Haibe hajawahi kunyamaza kwa simu tangu ainunue.

"Wamemshika," Parsaoti alisema. "Wameshika Haibe."

Mwenye kibanda aliinua kichwa. Alikuwa mwanamke mnene wa Bungoma, jina lake Nakhumicha, fundi wa simu aliyejifundisha mwenyewe kwa kuharibu za watu. Kwenye benchi alikaa dereva wa lori, Kimeu, akingoja simu yake ijae.

"Hebu nione hiyo kitu," Nakhumicha alisema.

"Usiangalie!" Kimeu aliruka kutoka kwenye benchi. "Mama, usiangalie! Hizo ndizo zile za kuua. Kuna jamaa Athi River alifungua ujumbe kama huo, damu ikamtoka puani, akaanguka na mkate mkononi!"

"Ulimwona?"

"Niliambiwa na mtu aliyeona mkate."

"Kimeu, kaa chini kabla nikutoe damu mimi mwenyewe." Nakhumicha alivuta simu, akaisogeza karibu na macho. "Mzee, huyu rafiki yako anaandika na herufi gani?"

"Za chuo. Za Kiarabu. Haibe hakusoma shule ya serikali. Huko kwao walikuwa wanangojea hiyo shule tangu uhuru, hata leo wanangojea."

"Ndiyo hiyo sasa. Simu yake inajua herufi za Kiarabu, yako haijui. Ikiona kitu haijui, inachora sanduku. Ni kama wewe nikuletee gazeti la Wachina."

"Kwa hivyo maneno yamepotea?"

"Hayajapotea. Yamefungiwa tu." Alikuwa tayari anang'oa betri. "Hii simu yako inaweka ujumbe kwa laini. Nitoe laini, niweke kwa simu ingine yenye inajua Kiarabu. Niko na moja hapa imetoka kwa maduka ya Wasomali huko Isili, ilikuja na ndege kutoka Dubai. Mwenyewe hajarudi kuichukua."

Wewe msomaji jiulize. Siku mnara wa simu uliposimamishwa pale Kitengela, wakubwa walikuja, wakakata utepe, wakala nyama ya mbuzi ya watu, wakasema sasa mwananchi amefikiwa. Nani kati yao alikaa chini akajiuliza kama maneno ya Haibe yatafika kwa Parsaoti? Wao walihesabu minara. Maneno hawakuyahesabu.

Simu ya Dubai ikawaka. Nakhumicha akabonyeza, akabonyeza tena.

"Haya. Tazama."

Visanduku vilikuwa vimeondoka. Mahali pake palijaa maandishi ya kupinda na nukta juu na nukta chini, mistari mitatu, minne. Parsaoti alishika meza. Mtoto wake alikuwa humo. Alijua hivyo kama vile mtu anavyojua mvua kwa harufu.

"Inasemaje?"

"Sasa mimi Mluhya wa kanisa nitajuaje?"

"Iko na mtu Kajiado," Parsaoti alisema. "Maalim Jeylani. Yeye ndiye hunisomea za Haibe."

"Enda polisi kwanza."

"Nilienda Jumatatu. Nikaambiwa msichana wa miaka ishirini hapotei, anaolewa. Nikaambiwa kama nataka atafutwe nilete mafuta ya gari." Alitema mate kando. "Chifu naye nilimpata anakula kwa saveya. Alinawa mikono, akaniambia nije wiki ijayo."

Nakhumicha alisonya. Alitazama simu ya Dubai, akamtazama mzee.

"Hii simu si yangu. Ikipotea, nitauza hata hiki kibanda. Uniachie kitambulisho."

"Kitambulisho kiko kwa chifu. Chukua hii rungu. Ilikuwa ya baba yangu."

"Rungu ya baba yako nitapigia watu simu nayo?"

Lakini aliichukua. Akaiweka chini ya meza, kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto kushika.

"Kimeu!" aliita. "Si unaenda Kajiado kubeba mbuzi? Mbebe huyu mzee."

"Yeye nitambeba," Kimeu alisema. "Hiyo simu siibebi."

"Kimeu!"

"Basi ikae nyuma kwa mbuzi! Hapo mbele kwangu haiingii, nina watoto!"

Ndivyo mzee Parsaoti alivyosafiri amesimama nyuma ya lori tupu lenye harufu ya mavi ya mbuzi, shuka likipigwa na upepo, simu ya Dubai kifuani. Lori lilipita viwanda, likapita waya mpya zilizofungwa mahali ambapo ng'ombe wake walikuwa wakila nyasi mwaka juzi. Kila gari lililowapita alilitazama. Gari jeupe likapunguza mwendo kando ya lori, na Parsaoti akainama chini ya mbao mpaka likapita. Lilikuwa la kuuza mikate.

Akajionea haya. Lakini hakusimama haraka.

Alikuwa na mtu mmoja tu wa kumpigia. Lemayian, ndugu mdogo wa marehemu mke wake. Huyu alikaa bomani kwao tangu akiwa mdogo, akachunga ng'ombe wa shemeji yake mpaka alipokuwa mkubwa. Mama Naserian alipofia ndani ya pikapu katikati ya vumbi, kwa sababu zahanati iliyofunguliwa kwa ngoma na hotuba haikuwa hata na mshumaa, ni Lemayian aliyemfumba macho. Namba yake Parsaoti aliijua kwa kichwa.

"Sopa, shemeji," Lemayian aliitikia. Nyuma yake kulikuwa na ngurumo ya gari.

"Lemayian, mambo imeharibika. Wameshika Haibe. Lakini alinitumia maneno kabla. Naenda Kajiado, niko kwa lori."

"Maneno gani?"

"Sijui bado. Kuna mtu atanisomea. Wewe uko wapi?"

"Mimi niko njia ya Ngong, kuna ng'ombe naenda kuangalia." Akapandisha sauti juu ya ngurumo. "Enda tu, shemeji. Enda polepole. Umri umeenda. Nikimaliza huku nitakutafuta."

Parsaoti alipumua. Angalau hayuko peke yake duniani.

Hawakuwa wamefika Isinya simu ikalia tena. Namba haionekani.

"Mzee," ile sauti ya kwanza ilisema. "Si nilikuambia upumzike? Sasa unafanya nini kwa lori?"

Parsaoti alishika ubao wa lori. Aligeuka kushoto, akageuka kulia. Barabara ilikuwa tupu mbele, na nyuma ilikuwa tupu. Wanamwonea wapi?

"Mnataka nini kwangu?"

"Hatutaki kitu. Endelea na safari. Kajiado ni kuzuri, kuna hewa safi." Na akacheka kile kicheko cha kutua gunia. "Safari njema, mzee wangu."

Hilo ndilo lililomtisha kuliko tusi. Mtu anayekutisha ili usiende mbele, huyo unamwelewa. Lakini anayekusukuma mbele?

Aligonga paa la lori kwa ngumi. "Kimeu! Kimbiza!"

"Imekuua?" Kimeu alipiga kelele kutoka mbele.

"Bado! Kimbiza!"

Kimeu alikanyaga mafuta kama mtu aliyebeba bomu.

Saa kumi ilikuwa imepita walipofika Kajiado. Nyumba ya Maalim Jeylani ilikuwa nyuma ya msikiti mdogo, karibu na zizi la mbuzi la soko. Mzee huyo wa ndevu nyeupe alikuwa ametoka kuswali alasiri, anavua viatu mlangoni mwake.

"Parsaoti! Mwaka wa ngapi sasa? Tangu mpate simu mmenitupa. Karibu, keti, chai inakuja."

"Maalim, leo sikai. Nisomee."

Maalim alichukua miwani yake yenye mguu mmoja uliofungwa na uzi, akaisogeza simu mbali, akaisogeza karibu. Akaanza kutikisa kichwa.

"Haya si Kiarabu. Na si Kisomali."

"Ni Kimaasai. Soma tu sauti, kama zamani."

Maana zamani ilikuwa hivi. Kabla ya simu, Haibe alikuwa akituma vikaratasi kwa madereva wa malori. Hakujua herufi nyingine ila zile za chuo, na Kimaasai alikijua kama mtu aliyezaliwa kwenye boma. Basi aliandika Kimaasai kwa herufi za chuo. Dereva akikifungua njiani haoni kitu. Msomali mwenzake akikifungua anaweza kuzisoma herufi, lakini maneno hayamwambii kitu. Parsaoti mwenyewe maneno anayajua, herufi hazijui. Siku ya soko alimpelekea Maalim Jeylani, na Maalim alimsomea sauti asizozielewa mwenyewe, kama kasuku aliyefundwa. Mmoja ana macho, mwingine ana masikio. Mpaka wawe wawili ndipo barua ifunguke. Hivyo ndivyo walivyouza ng'ombe miaka kumi na nane bila dalali yeyote kujua siku wala mahali.

Maalim alisafisha koo. Akasoma polepole, sauti kwa sauti.

Na katika mdomo wa yule mzee wa msikitini, Haibe akaanza kuzungumza.

"Pakiteng..."

Parsaoti alifumba macho. Hilo si jina la mtu. Kwao, mtu akikupa ng'ombe kwa upendo, jina lako na lake yanakufa. Tangu siku hiyo mnaitana Pakiteng mpaka kaburini. Haibe alimpa mtamba mwekundu mwaka ule wa ukame mkubwa, na tangu hapo hawajaitana jina lingine.

Maalim aliendelea. Yeye alikuwa anasoma kelele tupu. Parsaoti alikuwa anasikia hivi:

"Pakiteng, wako mlangoni kwangu, wanaupiga na mawe. Mtoto yuko Tuala kwa dada yangu Faysa, lango la bluu. Hatamfungulia mtu mpaka ataje jina la mtamba wetu, lile alilotoa mama wa mtoto. Usimwambie yeyote."

Hapo ikaisha.

"Yuko hai!" Parsaoti alishika mkono wa Maalim, akaubusu, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa mtu yeyote. "Maalim, mtoto wangu yuko hai! Yuko Tuala!"

"Alhamdulillahi! Kumbe ni habari ya mtoto?" Uso wa Maalim uling'aa, kisha ukakunjana kidogo. "Lakini ajabu yenu, Parsaoti. Mbona mmenisomesha jambo moja mara mbili?"

"Mara mbili vipi?"

"Si nimesoma haya haya leo, nilipotoka adhuhuri? Vijana wawili walikuja na simu ya Haibe. Niliijua kwa kile kifuko chake cha ngozi. Wakasema Haibe ni mgonjwa, wako naye, na ameomba maneno yake yasomwe."

Parsaoti aliachia ule mkono.

"Ukawasomea?"

"Barua ya mtu ni amana. Mimi nasoma, siulizi. Miaka yote nimefanya hivyo, hata kwako." Sauti ya Maalim ilianza kupungua. "Nilikosea?"

"Walielewa?"

"Hata! Mmoja alikuwa anacheka sauti yangu. Lakini mwenzake hakucheka. Huyo alileta simu yake hapa, karibu na mdomo wangu. Akaniambia, soma tena Maalim, polepole. Nikasoma. Akabonyeza kitu, na simu yake ikasoma tena kwa sauti yangu mimi."

Sasa Parsaoti alielewa kicheko. Yule mtu alipompigia simu saa saba na nusu, hakutaka kujua maneno. Maneno alikuwa nayo tayari mfukoni, kwa sauti ya Maalim. Alichotaka kujua ni kama baba ameyapata. Aliposikia visanduku, akatua mzigo. Na Parsaoti alipopanda lori kuja Kajiado, Tuala ikabaki nyuma, na kila maili ikazidi kuwa mbali. Ndiyo maana walimtakia safari njema!

Alikaa chini kwenye sakafu. Kisha akainuka tena.

"Lakini jina," alisema. "Jina hawana!"

"Jina gani?"

"La mtamba. Haibe hakulitaja. Alisema tu litajwe." Alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Maalim, hilo jina hakuna mtu analijua!"

Na ni kweli lilikuwa jina la siri. Yule mtamba alipokua akawa na tabia moja. Alikula kushinda ng'ombe wote, alitangulia kwenye maji, na ukienda kumkamua alikupiga teke, maziwa hakuna. Mama Naserian akamwita Mheshimiwa. Bomani walicheka mpaka wakaumwa mbavu. Lakini wakati huo chifu alikuwa na masikio kila kichaka, na watu walifungwa kwa vichekesho vidogo kuliko hicho. Jina halikutoka nje ya ua. Mbele ya wageni ng'ombe aliitwa mwekundu, basi. Naserian alilijua. Haibe aliambiwa, akaapa. Mwenye kulitoa yuko kaburini.

"Mpigie Faysa," Maalim alisema. "Nina namba yake, huniletea dawa ya kifua. Mpigie, usipoteze wakati."

Maalim alibonyeza mwenyewe. Simu ililia mara moja. Mara ya pili. Mara ya tano. Maalim alikuwa ameanza kusoma dua.

"Haloo?"

"Mama Faysa? Mimi ni Parsaoti. Baba Naserian."

"Aa, mzee! Salaam aleikum!" Sauti ilikuwa changamfu, na sufuria zilikuwa zinagongana nyuma yake. "Karibu Tuala. Habari ya Haibe? Tangu asubuhi namtafuta simu."

"Mtoto yuko?"

"Yuko salama kabisa."

"Mama, sikiliza. Funga lango. Watu watakuja. Usimfungulie mtu yeyote, hata akisema ametumwa na mimi. Nakuja mwenyewe."

Sufuria zilinyamaza.

"Lakini mzee, mtu wako ameshafika."

"Mtu gani?"

"Yule uliyemtuma. Nusu saa sasa. Nilikataa kumfungulia, wallahi nilikataa, nikamwambia taja jina. Akataja. Mheshimiwa. Nikamuuliza Naserian, akasema ndilo."

Haibe amesema. Wamempiga mpaka amesema. Hilo lilikuwa wazo lake la kwanza, na Mungu amsamehe.

"Anafanana vipi?"

"Mnene kidogo, ana pengo la jino. Lakini usiogope, mzee, ni wa kwenu. Naserian alipomwona tu alimkimbilia, akainamisha kichwa, naye akamwekea mkono. Anamwita mjomba. Wako sebuleni wanakunywa chai. Kuna gari lake nje, dereva amekataa kuingia."

Mjomba.

Watu walioujua ule utani walikuwa wangapi bomani? Parsaoti alikuwa amehesabu wenye nyumba, akamsahau aliyechunga. Kijana aliyemfukuza Mheshimiwa kwenye mashamba ya watu kila asubuhi, akimtukana kwa jina lake. Lemayian. Na hizo sauti za Maalim, Kimaasai safi, zilihitaji sikio la kuzisikiliza, na mtu wa kuwaelekeza vijana kwa Maalim. Parsaoti hakumwambia Lemayian neno Tuala. Wakati huo hata mwenyewe hakuwa anajua. Alimwambia tu kwamba anaenda Kajiado, yuko kwa lori. Na dakika chache baadaye mtu asiyeonekana akajua yuko kwa lori.

Saveya alimpa nini? Ploti ngapi kati ya zile zilizopangwa kama meno?

"Mama Faysa," alinong'ona. "Huyo mtu asijue ni mimi. Mtoe mtoto kwa mlango wa nyuma. Sasa hivi."

"Mlango wa nyuma ndio huu wa jikoni, mzee. Na yeye ameshasimama hapa." Sauti ya Faysa iligeuka upande. "Ehe, ndiyo, ni baba yake. Ndiyo, yuko hapa kwa simu. Chukua."

"Mama, hapana!"

Simu ilikwaruza kitambaa, ikapita mkono hadi mkono.

"Shemeji." Lemayian alizungumza kwa upole, kwa Kimaasai, sauti ile ile aliyotumia siku ya mazishi. "Usipige kelele, utamtisha mtoto. Nje niko na watu wawili na hawana subira kama mimi. Wanataka karatasi ya ramani tu, lakini mtoto hajaniambia ameiweka wapi. Ameanza kuniangalia vibaya. Anasema hatatoka hapa mpaka asikie kwako."

"Lemayian, huyo ni damu ya dada yako."

"Ndiyo maana nimekuja mimi, si wao. Akiingia garini kwa miguu yake, ataona jua la kesho. Akikataa, mimi nitatoka nje nikavute sigara, na wao wataingia." Alipumua. "Haya. Mwambie neno moja tu, aende na mjomba wake. Nasikiliza."

Simu ikapita mkono tena. Maalim Jeylani alikuwa amemshika Parsaoti begani, bila kujua kinachosemwa, mdomo wazi.

"Papa?" Ilikuwa sauti ya Naserian, ndogo, karibu sana, kana kwamba yuko hapo hapo chumbani. "Papa, mjomba anasema umemtuma. Niende naye?"

Parsaoti alifungua mdomo.